Utelezi wa Chini ya Kopo

Kwa miaka yote niliyofanya kazi wodini niliitwa Sista Otilia, na kila mwaka alitokea mgeni wa kuniuliza shela yangu nimeiacha wapi. Sikuwa mtawa. Nilikuwa muuguzi, mke wa mkulima wa kahawa wa Matiri na mama wa watoto watano, mwenye sauti iliyosikika kutoka wodini mpaka jikoni. Nawaambia haya ninyi vijana mnaoanza kazi ili mjue anayesema nanyi ni nani. Mengi niliyoyajua kuhusu vidonda niliyajua kwa kuviosha. Na somo kubwa kuliko yote nilipewa na mama mmoja wa ziwani ambaye hakuusomea uuguzi hata siku moja, nami siku hiyohiyo nilimfokea.

Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, huku juu milimani Mbinga. Jina lake siliandiki, maana kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu, na sioni sababu ya kuwabebesha wengine.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo dawa ilipatikana zahanati au hospitali, na mara nyingi haikupatikana kabisa. Kisha milango ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda na malori yao, mitumba ikajaa mnadani, na maduka ya dawa baridi yakachipuka kila penye watu. Sisemi yalikuwa mabaya. Mtoto wa Litumbandyosi mwenye homa aliweza kupata dawa bila kubebwa mgongoni kutwa nzima. Lakini hata vidonge vya rangi mbili, vya kuulia vijidudu, vilivyotakiwa kuandikwa na daktari, viliuzwa humo, vikihesabiwa kiganjani kama karanga: viwili vya jino, vitatu vya kikohozi, na kimoja cha kupasua na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Wagonjwa walitufikia wakiwa wamekwisha kumeza kila rangi iliyopo, nasi tukawaongezea nyingine.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Edgari. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa la Anglikana la kijiji kimoja cha ufukweni mwa ziwa, kusini mwa Lituhi. Biashara ilipofunguliwa alijinunulia baiskeli, akawa anapandisha usipa mkavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka milimani na kuteremsha maharage. Siku moja, kwenye kona moja ya mteremko, breki zilikataa. Mfupa wa mguu ulivunjika chini ya goti ukatokeza nje. Alifungwa plasta mahali pengine, mfupa ukaunga, lakini kidonda juu ya ugoko hakikufunga. Kilitoa usaha karibu miaka miwili. Alipofika kwetu, juu ya magunia ya lori, alikuwa amekonda, na mkewe, Mama Roda, alikuwa amemshika mkono kana kwamba akimwachia ataanguka.

Daktari wetu alikuwa kijana, Daktari Hyera, aliyefanya kazi kwa bidii na kusema kidogo. Alimwanzishia sindano. Wiki moja kidonda kikakauka, tukafurahi. Wiki ya pili kikafunguka upya. Tukabadili sindano, kikakauka, kikafunguka. Tukabadili tena. Mimi niliona ni jambo la kawaida: dawa hii ikishindwa, panda kwenye ile yenye nguvu zaidi, na ikiisha hiyo, panda tena. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa wagonjwa wangapi, siwezi kuwaambia.

Mwalimu Edgari hakuwa mtu wa kulala na kuugulia. Alikuwa na sauti nene ya chini, na kwa kuwa hakuwa na kwaya, aliigeuza wodi nzima kuwa kwaya yake. Mwenye mkono uliovunjika aliwekwa sauti ya kwanza, mwenye busha sauti ya pili. Jumapili moja padre alikuja kuwapa wagonjwa komunyo, akakuta wodi ya Wakatoliki watupu inaimba wimbo wa Kianglikana kwa sauti nne bila kukosea. Alisimama mlangoni mpaka wakamaliza, kisha akauliza kama kwaya ya parokia inaweza kuja kujifunza.

Wiki ya tano usaha wa Mwalimu ukageuka rangi. Bandeji ilitoka na ukijani, na harufu yake ilikuwa tamu, tamu ya kuchefua, kama matunda yaliyokaa sana kapuni. Siku chache baadaye kijani kilekile kikatokea kwa jirani yake, mkulima wa Mpepai aliyeungua na uji. Kisha kwa yule wa busha, aliyekwisha kupasuliwa, mshono ukafumuka. Daktari Hyera akaniambia kwamba kama hali ni hiyo, afadhali mguu wa Mwalimu ukatwe kabla ugonjwa haujapanda. Alimwambia na mwenyewe. Mwalimu Edgari akauliza kama mtu wa mguu mmoja anaweza kukanyaga pedali. Akacheka. Hakucheka mtu mwingine.

Mimi nilikuwa na mkosaji wangu tayari. Nilisema ni Mama Roda. Alishika samaki, alishika bandeji, alikaa kitandani kwa mgonjwa. Nilimpiga marufuku kukaribia wakati wa kuosha vidonda. Akatii, akawa anasimama mbali, miguuni pa kitanda, anatazama.

Sasa niwaeleze toroli langu la vidonda. Juu yake, kwenye kopo refu la chuma, lilisimama koleo la kuchukulia shashi na pamba, na ndani ya kopo kulikuwa na dawa ya manjano ya kuulia vijidudu. Koleo hilo lilichukua shashi ya kitanda cha kwanza, likarudi koponi. Likachukua ya kitanda cha pili, likarudi. Kila asubuhi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutazama dawa imepungua kiasi gani na kujazia. Nilijivunia kwamba katika wodi yangu kopo halijawahi kukauka.

Asubuhi moja nilikuwa nakifunga kidonda cha Mwalimu, Mzee Osmundi akinisaidia. Mzee Osmundi alikuwa dresa wa zamani, amefunga vidonda tangu mimi sijazaliwa, na alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Mama Roda akasema kutoka pale alipokuwa amesimama, kwa adabu kabisa:

"Sista, samahani. Hilo kopo la koleo, huwa mnalisugua lini?"

Nilimjibu kwamba ndani mna dawa ya kuua vijidudu, na chenye dawa hakihitaji kusuguliwa.

"Mimi mtungi wangu nyumbani una maji safi tu," akasema, "lakini nisipousugua, ndani unateleza."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Nikaona ananifundisha kazi mbele ya watu. Nilimwambia kwa ile sauti yangu ya kufika jikoni kwamba hospitali si jiko lake, na atoke nje. Mama Roda alikunja khanga yake begani akatoka. Mwalimu Edgari aligeuza uso ukutani.

Tuliporudi kwenye chumba cha dawa, Mzee Osmundi hakunisema. Alichukua lile kopo, akalimimina kwenye beseni, akalipeleka dirishani, akachungulia. Kisha akaniita niingize kidole.

Niliingiza. Chini na pembeni palikuwa na utelezi mzito. Sisi Wamatengo hatuhitaji kuelezwa utelezi. Ukishakoboa kahawa mbivu, punje hubaki na ulenda, na kila mtoto wa huku anajua kwamba ulenda huo hautoki kwa kumwagiwa maji peke yake. Unavundika, kisha unasugua mpaka punje zikwaruze. Nilikuwa nimesugua kahawa tangu nina miaka sita. Kopo langu sikuwahi kulisugua. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho lilipomwagwa likaoshwa, nikashindwa.

"Binti yangu," Mzee Osmundi akasema, "tumekuwa tukiwachovya wote humu."

Nitawaambia ukweli, kwa sababu na ninyi yatawakuta. Wazo langu la kwanza lilikuwa kulisugua kopo haraka, kulichemsha, kulirudisha kwenye toroli na kunyamaza. Nani angejua? Nilikwisha kushika brashi. Mzee Osmundi aliniambia taratibu kwamba tukiliosha sasa, daktari ataukata mguu wa yule mtu akiamini ugonjwa wote alikuja nao, na sisi wawili tutakuwa tunajua. Nikaweka brashi chini. Nililibeba lile kopo kwa mikono miwili, na masalia yake ndani, mpaka ofisini kwa Daktari Hyera. Umbali wenyewe ni ua mmoja tu. Siku hiyo uliongezeka.

Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alikwangua ule utelezi kwa kijiti chenye pamba, akachukua na vipimo vya wale wagonjwa watatu. Lakini kwanza aliniagiza niwaoshe vidonda vyao vizuri na kuchukua kutoka chini, si ule usaha wa juu, maana usaha wa juu hukuambia habari za kila mpita njia. Gari la hospitali likavipeleka kwenye maabara kubwa. Tukasubiri. Siku hizo nilipika ugali nyumbani nikaugawa wote kwa watoto.

Majibu yalisema kijidudu ni kimoja, koponi na kwa wagonjwa wote watatu, nacho kilikuwa sugu kwa kila dawa tuliyokuwa nayo kabatini. Ilibaki sindano moja tu ya kukiweza, na hiyo ilibidi itafutwe Songea.

Daktari Hyera alitukusanya wauguzi wote, akatueleza jambo ambalo mpaka leo ninyi mnalisoma vitabuni kwa maneno marefu. Kijidudu kinachoelea peke yake ni rahisi kuua. Lakini kikipata kitu kisicho na uhai cha kushikilia, kama chuma, mpira au mfupa uliokufa, hujishikiza hapo, huita wenzake, hujenga utando wa ulenda na kujificha ndani. Dawa huwaua walio nje, ndiyo maana kidonda kinakauka wiki moja. Walio ndani hawafikiwi vizuri, wanasubiri, kisha wanatoka upya. Kila tunapowapa dawa kidogo na kuikatisha, tunawabakiza wale wagumu.

Mzee Osmundi akasema hilo aliwahi kuliona kwa macho yake. Mzee mmoja aliyewekwa mpira wa mkojo alirudi na homa mara nne, na mara nne akapewa dawa kali kuliko ile iliyotangulia. Safari ya tano Mzee Osmundi aliutoa ule mpira, akaukata kwa mkasi, akakuta ndani umejaa ute kama wa bamia. Akaweka mpira mpya. Dawa ileile iliyoshindwa, sasa ikamponya. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutueleza. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye ni dresa tu. Hayo nayo yashikeni, vijana: katika wodi yenu kuna mtu anajua jambo, na anangoja kuulizwa.

Daktari aliweka picha ya mguu wa Mwalimu kwenye mwanga, safari hii akaitazama upya. Ndani ya mfupa ulioungana kilionekana kipande kingine, cheupe kuliko mwenzake, kimelala kama kijiti kwenye mfereji. Mfupa uliokufa. Kidonda hicho alikuja nacho kweli, na hapo ndipo vijidudu vyake vya kwanza vilipokuwa vimejenga. Ukijani ndio niliompa mimi. Daktari akasema mguu haukatwi. Kipande kile kitatolewa kwanza, nyama na mfupa vikwanguliwe mpaka penye uhai, na sindano ya Songea ifuate hapohapo, kabla vijidudu havijapata nafasi ya kujenga tena.

Kabla ya hilo nilikuwa na safari nyingine. Niliwaeleza wagonjwa watatu, mmoja mmoja. Yule wa Mpepai alinishukuru kwa kumwambia. Yule wa busha alininunia siku mbili, na ilikuwa haki yake. Mwalimu Edgari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Mama Roda nimeshamwambia.

Nilikuwa nimemfokea mbele ya watu, kwa hiyo nilimfuata mahali penye watu, kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa. Kina mama walikuwa wanapika, moshi umetanda. Mama Roda alikuwa amepiga magoti, anapuliza moto. Nilisema yote, kwa sauti ileile ili wote wasikie: kwamba aliuliza swali la kweli, kwamba kopo lilikuwa linateleza, kwamba lingemgharimu mumewe mguu, na kwamba naomba anisamehe. Wale kina mama waliacha kukoroga.

Mama Roda alijifuta machozi ya moshi. Alisema, "Wewe umenifukuza mara moja tu, Sista. Wifi yangu ananifukuza kila Krismasi." Kisha akanyoosha mkono: "Nishikie hii sufuria, nigeuze ugali."

Nikapiga magoti kwenye majivu na sare yangu nyeupe, nikashika sufuria. Ugali ulikuwa wa mihogo, mgumu kuugeuza, na aliugeuza bila haraka yoyote.

Siku ya upasuaji Mwalimu alichomwa sindano ya mgongoni, akawa macho, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Alianza kuimba kwa chini chini nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nampa Daktari vyombo, vyote vimesuguliwa kwa brashi na kuchemshwa, na nilikuwa nimevihesabu na kuvikagua mara tatu. Daktari alipasua, akafungua dirisha dogo kwenye mfupa, akaingiza koleo. Kikatoka kipande kirefu kama kidole changu kidogo, chepesi, chenye kingo zilizoliwaliwa. Alikidondosha kwenye bakuli la chuma, kikalia. Wimbo ukakatika.

"Ndiye huyo?" Mwalimu akauliza.

Daktari akamwambia ndiye.

"Nimemlisha dawa miaka miwili," akasema Mwalimu. "Kumbe alikuwa maiti."

Daktari Hyera, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, ilibidi asimame kidogo mpaka mabega yatulie. Kisha akaendelea kukwangua, taratibu, mpaka mfupa ukaanza kutoa vitone vya damu kama jasho. Mfupa unaotoka damu uko hai. Ukiuona mweupe na mkavu, hujamaliza kazi.

Kidonda tulikiacha wazi kijae kutoka chini. Kila siku tulikisuuza kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, na sindano ikaendelea kwa wiki kadhaa bila kuruka hata siku moja. Ukijani ulipokwisha, Daktari alikubali tutumie asali iliyochujwa vizuri, kutoka Litumbandyosi, maana wakati huo dawa nyingi za kupaka zilikuwa zimekwisha. Asali ilifanya kazi yake, na sisimizi nao wakaja kufanya yao. Tukalazimika kusimamisha miguu ya kitanda kwenye mikebe ya maji. Siku ya tatu Mama Roda aliniuliza kama mikebe hiyo nayo nimeisugua. Nikamwambia nimesugua. Akainama akagusa.

Toka hapo, katika wodi yangu hakuna kilichojaziwa. Kila chombo cha dawa kilimwagwa, kikasuguliwa kwa brashi, kikachemshwa, kikalazwa kifudifudi kikauke, ndipo kikawekewa dawa mpya. Na kila mgonjwa akawa na koleo lake. Wauguzi wapya waliniona mkorofi. Niliwaambia dawa ya kuua vijidudu haisugui, mkono ndio unasugua. Na mgonjwa alipokuja na kidonda kilichokwisha kula dawa tatu, sikuuliza tena ya nne ni ipi. Niliuliza humo ndani kuna nini ambacho hakitakiwi kuwemo: mfupa, uzi wa mshono, mpira, kijiti.

Siku hizi mna vipimo vinavyojibu upesi, na dawa ambazo sisi hatukuzisikia. Nazifurahia. Wagonjwa watafika kwenu wakiwa wametafuna nusu dozi za mji mzima, kama walivyofika kwetu, na mtakuwa na hamu ya kuandika dawa kali zaidi ili waone mmefanya kitu. Vumilieni kidogo. Osheni kwanza, tazameni, na akiuliza mama aliyesimama miguuni pa kitanda, mjibuni baada ya kwenda kuangalia.

Mwalimu Edgari alikaa kwetu mpaka mahindi yakakomaa. Mguu ulibaki mfupi kidogo kuliko mwenzake, na miaka iliyofuata, alipopita na baiskeli yake, alidai unamfaa zaidi kwenye kupanda kuliko kwenye kushuka. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile aliyoruhusiwa. Kovu lilikuwa kavu, jekundu, limefunga. Daktari Hyera aliandika cheti akampa. Mwalimu alikigeuza huku na huku, akauliza dawa za kwenda nazo ziko wapi.

"Hakuna," Daktari akamwambia.

"Hata kidogo za njiani?"

"Umepona, Mwalimu. Nenda."

Alisimama pale muda mrefu, kama mtu aliyesahau kitu ndani ya nyumba. Karibu miaka miwili hakuwahi kutoka mahali penye daktari mikono mitupu. Kisha akatuaga, akashuka ngazi za wodi moja moja, akaanza kuvuka uwanja kuelekea kwenye lori, akichechemea. Mama Roda alikuwa nyuma yake na mkeka na vyombo vyao kichwani. Nilimwona ananyoosha mkono kumshika, kama alivyozoea, kisha akaurudisha. Akamwacha atembee.